Fedha za Hifadhi Milimani Kwetu: Nani Alilipa, Nani Alifundishwa, Nini Kilibaki



Kamati ya harambee ya mwaka huu imeleta kwenu ombi moja: kuchangia mfuko wa kuwafundisha vijana wa milimani kwetu kazi za hifadhi ya mazingira. Kazi zenyewe ni vitalu vya miche, ufugaji nyuki, kubebesha miti ya matunda, kutunza vyanzo vya maji na kuongoza wageni msituni. Wapo waliouliza, na swali lao ni la haki: si wafadhili wamekuwa wakifanya hayo tangu sisi tukiwa watoto? Fedha zote zile zilikwenda wapi? Nimeombwa niandike historia fupi ya jambo hili, ili kila atakayetia mkono mfukoni ajue anachokilipia.

Hadithi inaanzia Amani. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha pale kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, na bustani yake ikajazwa miti ya kutoka pande zote za dunia: mikwinini, mikafuri, miti ya mbao, viungo. Wenyeji walichimba mashimo, walibeba miche, walimwagilia. Walichojifunza walijifunza kwa macho, maana hakuna aliyekusudia kuwafundisha. Mmoja wa miti iliyoletwa zama zile, musizi, leo umeenea msituni kiasi kwamba wataalamu wanauhesabu kuwa mvamizi. Upande wa pili, ua dogo la zambarau la misitu yetu lilichukuliwa mwaka 1892 na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, likapelekwa Ujerumani, na Wajerumani mpaka leo wanaliita kwa jina la Usambara. Linauzwa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani. Faida yake haikupanda mlima kurudi.

Baada ya Wajerumani walikuja Waingereza, nao ndio waliotuachia neno ambalo wazee wetu hawakulipenda: matuta. Mwaka 1946 ulianzishwa mpango wa kuokoa ardhi ya bonde la Mlalo, na miaka michache baadaye ukapanuliwa ukawa wa Usambara nzima. Tatizo lenyewe lilikuwa la kweli, kwani miteremko ilikuwa imechoka na udongo unashuka na mvua. Lakini dawa ilikuja kwa amri. Watu walilazimishwa kulima matuta kwenye mashamba yaliyosimama kama ukuta, na aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa. Kazi kubwa iliwaangukia akina mama, ambao ndio waliokuwa na jembe mkononi kila siku. Juu ya jasho hilo kulikuwa na hofu kwamba ardhi ikishatengenezwa na serikali itachukuliwa na serikali. TANU ilipofika milimani baada ya 1954 ilikuta watu wameshakasirika, na kufikia mwaka 1957 na 1958 mpango ulikufa.

Ninalikumbusha hili kwa sababu vijana wetu wengi hawalijui, na kwa sababu miradi yote iliyofuata ilikuta kumbukumbu hiyo majumbani. Bwana shamba akitamka neno hifadhi, mzee alisikia faini.

Baada ya Uhuru ulikuja wakati wa miradi mikubwa. Huku kwetu mradi umekuwa kama majira, una kuja kwake na kuondoka kwake kama vuli na masika. Kuanzia mwaka 1972 Ujerumani Magharibi iligharimia mpango wa maendeleo ya mkoa mzima wa Tanga. Kutoka humo, mwaka 1981, ukazaliwa mradi ambao kila aliyekulia Lushoto miaka ile anaujua kwa jina la SECAP. Ulidumu hadi mwaka 2000, yaani karibu miaka 20, umri mrefu mno kwa mradi wa wafadhili. Haukulazimisha matuta. Ulileta mistari ya majani ya Guatemala kukinga maji, mgrivilea kandokando ya mashamba, na ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini. Ujanja wake ulikuwa hapo. Majani yaliyozuia udongo ndiyo yaliyomlisha ng'ombe, na ng'ombe ndiye aliyetoa maziwa na samadi. Mtu akipanda gari leo kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto bado ataiona mistari hiyo ya majani, ingawa mradi uliondoka robo karne iliyopita na hakuna anayelipwa kuitunza.

Lakini SECAP ulilenga kaya yenye shamba. Kijana aliyesubiri kugawiwa kipande na baba yake, na mara nyingi kipande chenyewe ni kidogo kuliko uwanja wa mpira, hakuwa na mahali pa kupanda mstari wa majani. Alibaki kibarua wa mradi, na mradi ulipofunga ofisi naye akashuka Mombo kutafuta basi la Dar es Salaam. Wengi wenu mnaosoma kijitabu hiki mlipanda basi hilo.

Usambara Mashariki mambo yalikwenda kwa njia ya ajabu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Finland ilisaidia ukataji wa magogo kwa mashine katika misitu ile, kulisha kiwanda cha mbao cha Tanga. Kelele za wanasayansi na wananchi zilipozidi, katikati ya miaka ya 1980 ukataji huo ukasimamishwa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 Finland hiyo hiyo ikaanza kulipia ulinzi wa misitu hiyo hiyo. Sisemi kwa kejeli, kwa kuwa wachache ndio hurudi kusafisha palipochafuka. Ila kwa kijana wa Muheza aliyejifunza kuendesha msumeno wa mnyororo, ufundi wake uligeuka kosa la jinai kabla hajafikisha umri wa kuoa.

Matunda ya ulinzi huo yalionekana mwaka 1997, Amani ilipotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Nyumba ya mkuu wa kituo cha reli ya Kijerumani pale Zigi ikafanywa kituo cha wageni, njia za kutembea zikafyekwa, na vijana wa vijiji jirani wakafundishwa kuongoza watalii: majina ya miti, ndege, vinyonga na vyura, jinsi ya kumsemesha mgeni, jinsi ya kutembea naye usiku. Hayo yalikuwa mafunzo ya kweli, maana yalichukua muda na yalikuwa na mteja anayelipa siku hiyo hiyo. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, mteja alitoweka kwa mkupuo mmoja.

Sasa nifike kwenye vipepeo, ambapo naona ndipo penye somo lote. Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1985 na linalojulikana zaidi kwa herufi za TFCG, lilianza mradi wa vipepeo Amani mwaka 2001, na mauzo yakaanza 2003. Mfugaji hukamata vipepeo majike wachache, huwaweka kwenye kibanda cha chandarua pamoja na mimea ambayo kila aina hutagia mayai yake, kisha huwalisha viwavi majani mabichi mpaka wanapokuwa pupa, yaani kile kifuko ambamo kiwavi hugeuka kipepeo. Pupa wanafungwa kwa uangalifu na kusafirishwa kwa ndege kwenda kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Ni lazima wafike ndani ya siku chache, la sivyo watatokea njiani wakiwa ndani ya boksi. Mfugaji alitakiwa ajue ni kipepeo gani anakula mti gani, na mti huo aupande nyumbani. Mamia ya watu walijifunza, zaidi ya nusu yao wanawake. Kwa mara ya kwanza, mtu asiye na shamba kubwa wala cheti cha shule alikuwa na sababu ya mfukoni ya kutaka msitu usimame.

Machi 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyamapori hai. Shabaha ilikuwa watoroshaji, na hasira ya umma juu ya utoroshaji ilikuwa ya haki. Lakini katika karatasi ya amri, pupa aliyefugwa kibandani alihesabiwa pamoja na mnyama aliyetegwa porini. Biashara iliyojengwa kwa miaka 13 ilikosa soko. Ufundi ulibaki vichwani mwa watu, mimea ikabaki nyuma ya nyumba, na mnunuzi akawa ng'ambo ya mlango uliofungwa.

Linganisheni hapo mistari ya majani na vipepeo. Mafunzo ya vipepeo yalikuwa bora kuliko mengi, lakini mteja wake mmoja alikuwa mbali na alitegemea saini moja. Mafunzo ya majani yalikuwa ya kawaida tu, lakini mteja wake alikuwa ng'ombe aliye zizini. Mimi ningeupa uzito umbali wa mteja kuliko uzuri wa mafunzo yenyewe.

Tuje kwenye vyuo. Serikali ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, kwa mfano wa Sweden na kwa msaada wake, na kimoja kiko Kiwanda wilayani Muheza. Kusudi lilikuwa mwananchi wa kawaida apate ufundi bila kudaiwa cheti. Ufundi uliofundishwa zaidi ulikuwa useremala, uashi, ushonaji, mapishi na kilimo. Kutunza msitu hakukuhesabiwa kuwa ufundi, kulihesabiwa kuwa kazi ya serikali. Anayetaka kusomea misitu aende Olmotonyi, Arusha, chuo kilichokuwepo tangu 1937, na anayetaka nyuki aende Tabora. Ni vyuo vizuri, ila vinadai ufaulu wa kidato cha nne na ada ya kukaa mbali na nyumbani. VETA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 inaendeshwa kwa sehemu na tozo ya ujuzi wanayolipa waajiri kwa kadiri ya mishahara. Tozo hiyo ilikuwa asilimia 6, ikapunguzwa kidogo kidogo hadi 3.5 mwaka 2023. Waajiri walifurahi, na mimi siwalaumu, lakini fedha ya mafunzo inayofuata mishahara huenda kwanza mahali penye mishahara. Huko Mtae na Bumbuli mishahara ni ya walimu na wauguzi.

Pengo hilo ndilo mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyojaribu kuliziba kuanzia miaka ya 2000. Wafadhili walikuwa wamechoka kupitishia kila kitu wizarani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa vijiji kuwa na misitu yao na kushiriki kutunza ile ya serikali, na fedha za Ulaya na Marekani zikaanza kupitia mashirika. Mwaka 2008 Norway nayo iliahidi fedha nyingi kwa Tanzania kwa ajili ya majaribio ya biashara ya kaboni ya misitu. Fedha hizi zilifanya mengi mema, lakini zilikuja na tabia moja: ruzuku ya miaka miwili au mitatu, na ripoti inayohesabu vichwa. Vijana wangapi wamefunzwa? Wangapi wa kike? Kwa hiyo zikazaliwa semina za siku tatu. Mnazijua: daftari, kalamu, fulana yenye nembo, soda, karatasi ya mahudhurio ya kutia saini, posho. Kijana mmoja angeweza kuhesabiwa na miradi minne kuwa amefunzwa vitalu, na bado asijue kwa nini miche yake inaoza shina. Hakuna semina ya kufundisha hilo. Linafundishwa na msimu mzima wa kumwagilia, kuua miche mingi, na kuulizwa na fundi aliyekutangulia.

Njia moja iliyobuniwa tofauti ni Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, ulioandikishwa mwaka 2001 na wenye ofisi yake Morogoro. Mtaji wake ulitoka mfuko wa mazingira wa dunia kupitia Benki ya Dunia, na kanuni ni kwamba mtaji hauguswi, kinachotumika ni faida yake. Ruzuku zake si kubwa, lakini ni fedha isiyongoja uchaguzi wa nchi nyingine. Nadhani wazo hili linatufaa hata sisi wenye mfuko mdogo.

Kwa nini nasema uchaguzi wa nchi nyingine? Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika la USAID likafungwa. Uingereza, iliyokuwa ikitoa asilimia 0.7 ya pato lake, ilishuka hadi 0.5 mwaka 2021 na imetangaza kufika 0.3 mwaka 2027. Ujerumani nayo imepunguza bajeti yake ya misaada. Hata shirika ambalo halikupata senti ya Marekani litaumia, maana waliokosa kule sasa wako kwenye foleni ile ile ya wafadhili waliobaki. Kwa wanaongoja mradi mwingine kama SECAP, mimi nasema hautakuja.

Fedha za ndani zipo. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Utaratibu huo uliwekwa kisheria mwaka 2018, ukasimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya mikopo isiyorudi na vikundi hewa, ukarejeshwa mwaka 2024. Lakini huo ni mkopo, na mkopo unamtaka kijana awe tayari na ufundi na mteja. Mafunzo ndiyo yanayotangulia.

Na wateja wapo karibu kuliko tunavyodhani. Jiji la Tanga linakunywa maji ya Mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki na kukusanywa kwenye bwawa la Mabayani. Udongo ukishuka kutoka mashambani kwetu, gharama ya kusafisha maji hupanda kwao. Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na wawekezaji wakainunua yote na kuzidi. Kuna wakulima wa bonde la Zigi na Kihuhwi waliojiunga katika umoja wao, UWAMAKIZI, kutunza kingo za mto. Kijana anayejua kupima mteremko, kupanda kingo na kutunza kitalu cha miti ya asili ana kitu cha kuuza kwa jiji ambalo haliwezi kuhamia kwenye mto mwingine. Mteja mwingine ni jirani yake mwenyewe anayetaka mche wa parachichi uliobebeshwa vizuri, au asali isiyochanganywa sukari. Hawa hawasafiri kwa ndege.

Kwa hiyo pendekezo la kamati ni hili. Kila kijana atakabidhiwa kwa fundi wa huku huku, mwenye kitalu au mizinga inayojulikana, kwa mwaka mzima. Fundi atalipwa ada, kijana atapata posho ya chakula na nauli, na vifaa vyake, yaani kisu cha kubebeshea, mkasi, bomba la kumwagilia na mavazi ya nyuki, vitabaki mali yake akimaliza. Hatapokelewa kijana kwenye kazi ambayo mnunuzi wake hatujamwona kwa macho. Michango igawanywe mafungu mawili: moja la kutumika mwaka huu, jingine liwekwe benki lisiguswe.

Wapo wanachama wenzetu, na ni watu ninaowaheshimu, wanaotaka badala yake tujenge jengo la mafunzo lenye ukumbi na bango. Nawaelewa, maana jengo huonekana na mgeni rasmi ana kitu cha kufungua. Lakini jengo linahitaji mlinzi, umeme na rangi kila mwaka, na mafundi wetu wanafanya kazi nje, chini ya miti. Shilingi ya kwanza iende kwa fundi na kijana. Mkutano mkuu ndio utakaoamua.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Miche ya kupandwa masika ya Machi inatakiwa iwe imesiwa na viriba kujazwa Septemba au Oktoba mwaka uliotangulia. Miradi mingi tuliyoiona ilipokea fedha zake Februari na kupanda Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Kamati inaomba ahadi zote zikamilishwe kabla ya mwisho wa Agosti. Watakaopenda kutoa vifaa badala ya fedha wamwone mweka hazina, ambaye ana orodha ya vinavyohitajika, na viriba ndivyo vya kwanza.